Ngoma za Marekani na Ruhusa Zinazofilisi

Mpwa wangu anayesoma Marekani alikuja nyumbani Idi iliyopita. Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, alitoa simu yake barazani akasema, "Mjomba, tazameni beni la huko." Tulikuwa watu wanne tukabanana juu ya kioo kile kidogo. Vijana zaidi ya mia, wamevaa sare, matarumbeta mdomoni na ngoma vifuani, wanakimbia uwanjani huku wanapiga, na mistari yao inakunjuka na kujikunja kama jamvi. Mzee mmoja miongoni mwetu, aliyekuwa mbeba dramu kubwa katika ujana wake, alitazama mpaka mwisho asitie neno. Kisha akauliza: "Na huyo anayeimba, mbona simwoni akipaza sauti?"

Swali hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Sauti ilikuwa ikitoka katika vipaza sauti vilivyopangwa kando ya uwanja, na ilichukua miaka mingi ya kubadili kanuni hata vikafika pale.

Msomaji mpenzi, mchezo huu si wa jana. Baada ya Vita Kuu vya kwanza askari wa Marekani waliporudi makwao walianzisha chama chao mwaka 1919, American Legion, na mara wakaanza kushindana kwa ngoma na buruji, yaani tarumbeta fupi la jeshini. Vijana wa mitaani wakaingizwa, na vyama vya maaskari wastaafu vikawa ndivyo vinavyotunga kanuni. Zilikuwa kanuni za kambini hasa. Mavazi yalikaguliwa, bendera ya taifa iliheshimiwa kwa utaratibu maalumu, na buruji ilikuwa ya sauti moja, G, ambayo mwanzoni haikuwa hata na kidude cha kubonyeza. Mpigaji alipata noti zake kwa midomo na pumzi tu.

Waamuzi nao walitembea katikati ya safu na karatasi mkononi. Kila walipoona mguu umekosea au fimbo imechelewa walitia alama, na kila alama ilikata sehemu moja ya kumi katika hesabu ya kikundi. Wenyewe waliiita tiki. Kwetu shuleni tiki ni furaha, maana umepata. Kwao ilikuwa msiba.

Mwaka 1971 viongozi wa vikundi kadhaa vikubwa walichoka kutawaliwa na wastaafu. Walitaka kanuni zao, na malipo ya haki kwa kazi yao. Wakaunda chama, Drum Corps International, na mwaka 1972 wakafanya ubingwa wao wa kwanza huko Whitewater, jimbo la Wisconsin. Tangu hapo kanuni hazikutulia.

Tiki ilikomeshwa baada ya msimu wa 1983, na kwa hili mimi nawaunga mkono. Anayehesabiwa makosa tu hujifunza kutothubutu. Atachagua pigo jepesi alimalize salama, na mwenzake aliyejaribu zito akateleza mara mbili ataonekana hajui. Sasa mwamuzi hujenga alama kutoka chini kwa kupima ugumu wa jambo na uzuri wake. Wazee wa huko walinung'unika kwamba alama zitatolewa kwa kupenda, na pengine wana haki kidogo, kwani mwaka 2008 Phantom Regiment waliwashinda Blue Devils kwa tofauti ya 0.025 tu. Ni sikio gani la binadamu linaloweza kupima unywele kama huo? Hata hivyo naona ni afadhali.

Nisiloliunga mkono ni mlango wa pili. Mwaka 1977 buruji iliruhusiwa kuwa na vidude viwili vya kubonyeza. Mwaka 1990 vikawa vitatu. Mwaka 2000 sharti la G likaondoka, na mwaka 2014 shaba ya aina yoyote ikakubaliwa. Mapema miaka ya 1980 ngoma kubwa na marimba, ambazo hapo kwanza zilibebwa na mchezaji mwenyewe, ziliruhusiwa kuwekwa chini mbele ya uwanja. (Marimba, jina letu hilo, limevuka bahari.) Vipaza sauti viliingia mwaka 2004, na vinanda vya umeme mwaka 2009.

Mpwa wangu alinikatiza: "Lakini mjomba, hakuna aliyelazimishwa. Ni ruhusa tu."

Hapo ndipo penye mtego. Kikundi chenye fedha kinaponunua shaba mpya, chenye shaba ya zamani kinasimama mbele ya waamuzi walewale na kusikika kama jana. Kwa hiyo nacho kinunue au kishindwe. Kisha kuna vipaza sauti, fundi wa umeme, na lori la kuvibeba. Katika miaka ya 1970 vikundi vya vijana vilikuwa mamia; leo vinavyoshiriki mashindano ya chama hiki havifiki mia. Sisemi kanuni peke yake ndizo zilizoviua, kwani safari nazo ni ghali, na kijana hulipa maelfu ya dola kwa msimu mmoja. Lakini hata Santa Clara Vanguard, mabingwa mara saba, walishindwa kuingia uwanjani mwaka 2023 kwa uhaba wa fedha, wakarudi mwaka uliofuata. Ikiwa jabali kama lile liliyumba, je, kikundi cha mji mdogo?

Haya sisi watu wa pwani tunayajua, na hatukufundishwa na Mmarekani. Mombasa kulikuwa na Kingi na Sikochi, wakishindana kwa sare, gwaride na karamu, na hapakuwa na karatasi ya kanuni. Yule mzee alitusimulia barazani kwamba upande wao ukichinja ng'ombe, upande wa pili wangechinja wawili, na kuna waliouza minazi ili wasiaibike. Hakuna aliyelazimishwa huko pia. Nilimwuliza kama lingekuwako sharti la ng'ombe mmoja tu ingekuwaje. Akacheka: "Tungeshindana kwa ngoma."

Ningekuwa na sauti katika kikao chao cha kanuni, ningewaachia shaba zao, kwani zimekwisha nunuliwa na kurudi nyuma ni hasara nyingine. Lakini vipaza sauti ningeviondoa kesho. Chombo kilichotengenezwa kijaze uwanja kwa pumzi ya kijana hakihitaji waya, na kikundi maskini kingepata pa kupumua. Mpwa wangu hakukubali, na aliondoka wiki iliyofuata bado hajakubali.

Kabla hajaondoka mzee alimwomba amtafutie ngoma za zamani za huko, za kabla ya waya. Akampatia moja ya miaka ya 1970, picha hafifu, sauti inakwaruza. Mzee alisikiliza kwa makini, na baada ya muda vidole vyake vikaanza kugonga ubao wa baraza, havipitwi na pigo hata moja.