ELIMU ILIYOMO KATIKA JANI LA MUHOGO

Ni nyumba chache katika mwambao wetu zisizokijua kisamvu. Mama huchuma majani ya muhogo, huyatwanga kinuni mpaka yalainike, kisha huyachemsha kwa muda mrefu kabla ya kutia nazi. Ukimwuliza sababu ya kutwanga kote huko, atakujibu kuwa ndivyo alivyofunzwa. Jibu lake ni sahihi, na nyuma yake ipo elimu pana.

Mmea wa muhogo umejaaliwa silaha ya kujikinga. Ndani ya seli zake imehifadhiwa linamarini, yaani sumu iliyofungwa pamoja na sukari. Na katika kuta za seli kimewekwa kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Maadamu jani ni zima, viwili hivyo havikutani. Likitafunwa na mdudu au likitwangwa, hukutana. Sukari huondolewa, kisha kimeng'enya cha pili hukikata kilichobaki na kuiachia sianidi. Kwa mdudu hayo ni maangamizi. Kwa mpishi anayejua kazi yake ni salama, kwani sianidi iliyofunguliwa hupaa na kukiacha chakula.

Kimeng'enya hicho cha pili ndicho kilichowashughulisha wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1994 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walieleza namna walivyokisafisha na kuinakili jeni yake. Kusafisha ni kuyasaga majani, kisha kuzitenga protini hatua kwa hatua mpaka ibakie moja inayotakiwa. Ni kazi ndefu yenye mavuno haba. Kwa hiyo mwaka 1996 wenzao wa Stuttgart, Ujerumani, waliitia jeni hiyo ndani ya bakteria. Bakteria huzaana kwa mamilioni katika usiku mmoja, na kila mmoja hutengeneza kimeng'enya cha muhogo bila ya kuhitaji shamba.

Faida yake ni nini? Katika matumizi hayo kimeng'enya hufanya kazi kinyumenyume: badala ya kukata, huiunganisha sianidi na kemikali nyingine. Molekuli nyingi zina sura mbili, mfano wa mkono wa kulia na wa kushoto, na huenda sura moja ikafaa na ya pili isifae. Kemia ya kawaida aghalabu hutoa mchanganyiko wa zote mbili, lakini kimeng'enya hiki hutoa zaidi ile ya upande mmoja. Kwa njia hiyo hupatikana malighafi za dawa za binadamu na za kuulia wadudu.

Wapo wanaouliza: je, huku si kuingilia uumbaji? Tunasema: anayenakili hakuumba. Kimeng'enya kilikuwamo katika jani kabla ya maabara yoyote kujengwa. Wanavyuoni wa usuli wametufunza kuwa asili ya vitu ni ruhusa mpaka ithibiti dalili ya kukataza. Basi kipimwe kila kitu kwa manufaa na madhara yake. Swali zito kuliko hilo ni hili: elimu iliyotoka katika jani la muhogo inamrudiaje mla muhogo?

Tunaliuliza kwa sababu wapo waliolemaa. Uko ugonjwa uitwao konzo, unaopooza miguu ghafla na usiopona. Huwapata wanaokula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, hasa wakati wa ukame au vita, chakula chenye protini kinapoadimika. Waathirika wengi ni wanawake na watoto. Mwaka 1981 uliwakumba watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana mkoani Mtwara.

Kinga yake imo ndani ya unga wenyewe. Mtaalamu Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na wenzake walionesha kuwa linamarasi iliyobakia ndani ya unga wa muhogo huamka ikipata maji. Unga hutiwa bakulini, ukaloweshwa na kukorogwa, kisha hutandazwa mkekani kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, na hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya sumu hutoka. Katika kijiji cha Kay Kalenge, Kongo, wanawake walipofunzwa njia hii, wagonjwa wapya hawakuonekana tena katika muda wa utafiti.

Basi tusikae tukilalamika kuwa wengine wamelichukua jani letu. Kulalamika hakumsimamishi aliyepooza. Yako mambo mawili yaliyo katika uwezo wetu. La kwanza, kila msikiti ulio mahali panapoliwa muhogo mchungu uwafunze akina mama na akina baba njia hii ya unga. Haina gharama yoyote. La pili, vijana wetu, wa kike na wa kiume, wahimizwe kuisoma biokemia kwa nia ile ile wanayoisomea nahau na fikihi, kwani elimu inayookoa miguu ya watoto ni fardhi ya kutosheleza, na ikikosa wa kuisimamia dhima hubaki juu ya jamii nzima.

Wabillahi tawfiq.