Kikapu nacho kinataka kirangozi

Enzi za misafara, Wanyamwezi waliobeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo walikuwa na kirangozi wao. Alitangulia mbele, akijua njia, maji yalipo na mwendo ambao wenye mizigo wangeumudu. Kazi hiyo haikuwa ya mgeni wa safari.

Kwenye kikapu kirangozi ni pointi gadi. Shabiki wa soka amfikirie Fei Toto: mpira ukifika kwake, ndipo wenzake wanajua pa kukimbilia.

Tanzania ilishamtoa Hasheem Thabeet, aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15, akapita Chuo Kikuu cha Connecticut na mwaka 2009 akachaguliwa namba mbili kuingia NBA. Sawa, lakini Thabeet ni senta, na futi saba na ushei hazifundishwi. Pointi gadi anafundishwa, tena kwa miaka.

UMISSETA ya 2022 ilipigwa Tabora. Siku chache za mashindano hazimtengenezi mtu. Kijana anafika chuo ana mbio na chenga kibao, ila macho yako kwenye mpira, hamwoni mwenzake aliye wazi. Shule zimkabidhi timu tangu kidato cha kwanza, na akipoteza pasi mbili tatu, kocha asikimbilie kumtoa.