Bunia: Pinyo ya mbio haifai kwa kubeba jamaa

Motari wa Rwambuzi anayefunga pinyo kubwa mbele ili pikipiki ikimbie anajidanganya, na anayelipa ni mteja.

Hesabu ni rahisi. Pinyo ya meno 14 na kuroni ya nyuma ya meno 42: pinyo inazunguka mara 3, gurudumu mara 1. Ukiweka pinyo ya meno 15, inazunguka mara 2,8 tu. Mbio zinaongezeka kwenye tambarare, lakini nguvu ya kuvuta inapungua.

Sasa, nani anapandishwa? Ni mama mkimbizi wa ndani anayerudi Kigonze na mtoto mgongoni, godoro na gunia la mihogo. Mvua ikinyesha, penye mlima wa matope injini inakabwa, ambreyaji inaungua, pikipiki inarudi nyuma na watu juu yake.

Wengine wanasema pinyo kubwa inaokoa mafuta. Labda ukiwa peke yako kwenye barabara nzuri. Ukiwa na mzigo utabaki vitesi ya kwanza na ya pili, mafuta yaleyale yanakwisha.

Wengine wanasema: risasi zikilia, mbio ndizo zinaokoa. Hapana! Inayookoa jamaa ni pikipiki inayopanda mlima bila kuzimika.

Basi mafundi waache kuuza sifa. Warudishe meno ya kiwandani. Kwa mizigo mizito, waongeze meno ya kuroni. Na wabadilishe mnyororo, pinyo na kuroni pamoja, maana mnyororo mchakavu unakula meno mapya.