Bibi Alimwambia Nini Rehema?

Mtwepe alilidomuza zepe lake kwa tundizi jioni ile. Nani alilidomuza zepe? Mtwepe. Alitumia nini? Tundizi. Lini? Jioni. Maswali matatu, vema tatu, na bado hujui kilichotokea, maana hakuna kilichotokea: maneno hayo nimeyabuni mimi. Sarufi ya Kiswahili peke yake imekufikisha.

Nimeanza na mchezo huu kwa sababu ya dai linalozuka kila inapozungumzwa habari ya kumfundisha mtoto kung'amua, kuhitimisha na kubashiri anaposoma. Dai lenyewe ni kwamba jibu la ufahamu lazima liwemo kwenye habari, na mwalimu anayeuliza lisiloandikwa anawaonea watoto. Maswali mengi ya vitabu vyetu vya shule ya msingi ni ya nani, wapi, lini na nini. Mtoto mjanja hulitafuta neno la swali ndani ya habari, kisha akanakili lililo jirani yake. Maswali hayo hayana ubaya. Yanathibitisha kwamba mtoto ameutazama ukurasa. Kwamba ameuelewa, hayathibitishi, kama ulivyojionea kwa zepe la Mtwepe.

Dai la pili lina uzito zaidi, na wanaolitoa si wavivu: "Wajue kusoma kwanza, kufikiri kutafuata." Nusu yake ni kweli. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba ufahamu ni zao la vitu viwili, uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha. Walikusudia zao la kuzidisha hasa: kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Asiyejua silabi hang'amui chochote kwenye karatasi. Lakini hesabu hiyo ni ileile ukiigeuza, na hapo Kiswahili kina mtego wake. Tahajia yetu ni nyepesi. Mtoto akishazishika silabi, pamoja na zile za ng' na mbw zinazomsumbua mwanzoni, anaweza kulisoma kwa sauti neno lolote, hata asilowahi kulisikia. Mwenzake wa London huhangaika muda mrefu zaidi kwa sababu herufi za Kiingereza haziaminiki. Wetu husoma upesi, kwa sauti ya kupendeza, mzazi akafurahi na mwalimu akafunga somo.

Sauti hiyo huficha mengi. Huko Uingereza, Jane Oakhill na wenzake wamewachunguza kwa miaka mingi watoto wanaotamka maneno vizuri lakini hawaelewi walichosoma. Wamekuta kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni kushindwa kuunganisha sentensi na sentensi na kujaza kilichoachwa. Mwaka 1988 Nicola Yuill na Oakhill waliwachukua watoto wa aina hiyo, wa miaka 7 na 8, wakawafundisha kuzitafuta dalili zilizo kwenye maneno na kubashiri kilichofichwa. Vilikuwa vipindi vichache tu, na ufahamu wao ulipanda. Wala hakuna haja ya kungoja silabi ziishe. Mtoto wa chekechea asiyejua a wala be hutegewa nyumba isiyo na mlango, akajibu yai. Anayeweza hilo anaweza kusomewa hadithi kwa sauti na kuulizwa kwa nini sungura alinyamaza.

Kisha wapo wanaosema: "Kubashiri ni kubahatisha tu. Kila mtoto atasema lake, na utamkosoa kwa lipi?" Tuijaribu hoja hii kwa habari fupi:

Rehema alifika nyumbani viatu vikiwa mkononi. Alitoa madaftari kwenye mkoba, akayatandaza barazani moja moja, kurasa zikiwa wazi. Bibi alimtazama, akacheka. "Si nilikwambia asubuhi?"

Bibi alimwambia nini? Mwanafunzi mmoja anasema, chukua mwavuli. Wa pili: usipite njia ya mtoni. Wa tatu: usichelewe shule. Mwalimu anayewapigia wote makofi amewapotosha, na anayemkubali wa kwanza kwa kuwa ndivyo kiongozi cha mwalimu kinavyosema amewapotosha vilevile. Swali la kuuliza ni moja tu: umeona wapi? Mwenye mwavuli ataonyesha viatu na madaftari, vitu vilivyolowa ingawa neno kulowa halimo kokote. Mwenye mto ataonyesha vitu vilevile, na ana haki. Wa kuchelewa hana pa kushika, maana hakuna anayeyaanika madaftari kwa kuwa amechelewa. Majibu mawili yamesimama na moja limeanguka, na walioliangusha ni wanafunzi wenyewe.

Sasa mwalimu aongeze sentensi moja: "Juu ya bati, maji yalikuwa bado yanachuruzika." Mto umepata tabu. Aliyeutaja lazima alitazame upya jibu lake, pengine alibadilishe. Anayebahatisha hafanyi hivyo. Hutupa neno akangoja. Endelea kidogo: je, Rehema atachapwa? Wengi watasema ndiyo, mpaka mmoja akumbuke kwamba bibi alicheka.

Wakosoaji hawa, hata hivyo, wana jambo moja la kweli. Kuna kubashiri kwa maonyesho. Mwalimu huinua jalada la kitabu, akauliza "mnadhani nini kitatokea?", akapokea majibu matano, akayaacha hewani asiyarudie hadi kengele. Huko ni kupoteza wakati. Mmarekani Russell Stauffer, aliyeipa mbinu hii umbo lake darasani miaka ya 1960, alisisitiza hatua ambayo wengi huiruka: kurudi kwenye maandishi na kuthibitisha.

Dai la nne linatoka upande wa marafiki, na ndilo linaloniudhi zaidi. Utalikuta kwenye semina na kwenye chati za ukutani: kung'amua ni stadi, mfundishe mtoto mbinu naye ataitumia kwa andiko lolote. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli. Waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo walikumbuka na kueleza mengi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Tulete jambo hilo kwetu. Mtoto wa Pemba akisoma kwamba upepo wa kusi ulikuwa umeshika na Mzee Kombo alikuwa barazani wiki ya pili akishona nyavu, anajua papo hapo kwamba bahari imechafuka, ngalawa haikushuka majini na fedha nyumbani ni haba. Mtoto wa Dodoma, hata awe wa kwanza darasani, atahitimisha kwamba Mzee Kombo ni fundi wa nyavu. Mbinu anayo, alichokosa ni bahari. Mwalimu akitumia dakika mbili kueleza kusi ni nini kabla ya kusoma, atakuwa amemsaidia kuliko chati nzima ya mbinu. Sisemi mbinu zitupwe. Zile nne za Annemarie Palincsar na Ann Brown za mwaka 1984, yaani kubashiri, kuuliza, kufafanua na kufupisha, zinafundishika. Ila sioni sababu ya kuzirudia muhula baada ya muhula huku jiografia na sayansi zikisomwa kwa kukariri.

"Darasa lina watoto tisini na vitabu kumi." Ni kweli, na inauma. Lakini habari ya Rehema inaenea ubaoni, na watoto tisini wanaweza kugeukiana wawili wawili wakanong'ona jibu pamoja na ushahidi wake kabla mwalimu hajawachagua watatu. Swali la umeona wapi halihitaji kitabu cha ziada.

Na mtihani, wanasema, hauulizi hayo. Unauliza. Mtihani wa darasa la saba nchini Tanzania kwa miaka mingi umemtaka mtahiniwa achague kichwa kinachoifaa habari, au funzo lake, na vyote viwili havimo kwenye mistari. Mtunzi wa maswali ya kuchagua anawajua vyema wanaonakili, hivyo huwatengenezea chaguo lao mahususi. Kwa habari yetu angeweza kuweka A. Viatu vya Rehema, B. Safari ya shuleni, C. Asiyesikia la mkuu, D. Bibi mkali. Aliyezoea kutafuta neno la swali na kunakili jirani yake atayaona "Rehema" na "viatu" mstari wa kwanza kabisa, ataweka kivuli kwenye A, na kwenda swali linalofuata akiwa na hakika.