Jirani, Uliona Nini?

Gari lisilo na namba likisimama mtaani usiku na kijana akatupwa ndani, wengi wetu hufunga dirisha. Ni woga, na nani asiyeogopa? Lakini kesho yake mama huzunguka kituo baada ya kituo, kote akiambiwa jina la mwanawe halimo. Nani atamwambia alivyochukuliwa, kama si wewe uliyechungulia?

Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa aelezwe sababu, aongee na wakili, afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo utaisha korti imefungwa. Hata kama ana kosa. Akikosekana, familia yaweza kuomba Mahakama Kuu iamuru aletwe, na kifungu cha 25 kinakataza haki hiyo kupunguzwa. Ila jaji atauliza: alichukuliwa wapi? Saa ngapi?

Basi andika saa. Andika rangi ya gari, na lilikoelekea. Wewe mwenye duka, picha za kamera yako huenda zikajifuta baada ya siku chache. Je, huwezi kutoa nakala leo? Na ukiwasindikiza wazazi kituoni, msitoke bila namba ya OB, yaani ya taarifa yenu katika kitabu cha matukio cha polisi.

Nyumbani nako, msifue shati alilovaa mwisho. Mswaki na kitana chake vitieni kwenye bahasha ya karatasi, maana vipimo vya DNA vyaweza kuanzia hapo. Najua, ni kazi ya kuvunja moyo. Lakini mnakumbuka Mto Yala? Mwanzoni mwa 2022 tulisikia kwamba miili zaidi ya 20 iliyoopolewa humo imelala mochari bila majina. Kila mmoja alikuwa na kwao.

Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema watu 82 walikuwa wametekwa tangu Juni, na 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Nyuma ya kila mmoja kuna nyumba ambayo majirani wamepunguza kubisha hodi, si kwa ubaya, ni kwa kukosa la kusema. Kwani lazima useme? Beba unga, keti, msikilize.

Jumapili ukitoka kanisani, au Ijumaa ukitoka msikitini, pitia kwa yule mama. Na kalamu uibebe.