KIINGEREZA KISIWE UA WA KUTUZUIA

Ndugu wafanyakazi wa Eldoret,

Wako wenzetu wasemao kwamba kujifunza Kiingereza ni kazi ya makarani, na kwamba mtu wa mashini au wa kupakia magunia chamtosha Kiswahili. Sisi twalikataa neno hili. Tena twalikataa neno la mabwana, kwamba asiyejua Kiingereza hana haki ya kuuliza. Maneno haya mawili ni ndugu: yote yatuacha tukitia dole gumba kwenye karatasi tusiyoielewa.

Tuanze na mabwana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yamlazimisha mwajiri kumweleza mfanyakazi mkataba kwa lugha aielewayo, ikiwa haelewi ile ulioandikwa. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbovu, mtu aelezwe sababu kwa lugha aielewayo, mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama akiwapo. Basi ukiitwa ofisini ukasomewa barua ya Kiingereza upesi upesi, sema: "Sijaelewa. Nielezwe, na mjumbe wangu aitwe." Hiyo ni haki, si hisani.

Lakini haki ya kuelezwa haitoshi. Anayekueleza ni nani? Ni upande ule ule ulioandika! Wakiruka mstari mmoja, utajuaje? Katika mkataba neno "shall" ni lazima; neno "may" ni hiari. Ikiandikwa kwamba mwajiri "may" kutoa bonasi, hakufungwa na kitu, nawe waweza kuingoja mpaka kiama. Neno la herufi tatu limekula tumaini la mwaka mzima.

Kwa hiyo tujifunze, ila si kwa kukariri kama kasuku. Twaona watu wakilipa fedha kufundishwa nyakati za vitenzi, mwezi baada ya mwezi, na bado hawawezi kuandika barua ya kuomba likizo. Kitabu chetu kiwe mkataba wenyewe. Tuchukue humo maneno matano kila juma, na sarufi tuisome katika sentensi zake. Masikio tuyazoeze kwa taarifa ya habari ya redio, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Na kila mmoja aandike barua ya kujitetea, aisome mbele ya wenzake, wamsahihishe.

Wamsahihishe, wasimcheke! Amchekaye mwenzake kwa kukosea Kiingereza amfanyia bwana kazi bila mshahara, kwani aliyechekwa hafungui kinywa tena, hata mbele ya meneja.

Tukumbuke kwamba Katiba ya Uhuru ya mwaka 1963 ilimtaka mgombea wa Bunge ajue Kiingereza, na Kiswahili hakikuingia humo mpaka mwaka 1974. Lugha ilikuwa ua, na watu wazima wenye akili walibaki nje. Ua kama huo ungali kwenye milango ya ofisi nyingi. Tuubomoe kwa mikono miwili: mmoja udai Kiswahili, wa pili ushike kalamu ya Kiingereza.

Umoja ni nguvu.