Nyumba Inayopakiwa Garini

Kila aliyekaa kambini anaijua siku ile barua ya uhamisho inapofika. Vitanda hufunguliwa, sufuria hufungwa katika khanga kuukuu, watoto huagana na wenzao, na kabla jua halijatua lori limekwisha ondoka. Nyumba hubaki nyuma, kwa kuwa haikuwa yetu. Juma hili tuwaamkie watu wa Barbados, kisiwa cha eneo la Karibi, ambao wazee wao walipohama walihama na nyumba pia.

Kisiwa hicho ni kidogo: urefu wake ni kama kilomita 34, na upana 23. Waingereza walianza kukaa huko mwaka 1627, na haukupita muda mrefu karibu nchi yote ikawa mashamba ya miwa, yakilimwa na watumwa waliotolewa Afrika. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, ila watu walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao hadi mwaka 1838. Hapo wakawa huru, lakini ardhi hawakupata. Katika visiwa vyenye milima mtu aliweza kupanda juu akajilimia. Barbados sehemu kubwa ni tambarare, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Basi walibaki pale pale shambani, wakilipa kodi ya kiwanja na kumfanyia kazi mwenye shamba. Aliyegombana naye aliambiwa aondoke.

Kwa hiyo walijenga nyumba ya kuondoka nayo. Ni nyumba ya mbao, mlango katikati na dirisha kila upande, paa lenye mwinuko mkali ili upepo wa tufani usilinyakue. Haina msingi, imekalishwa juu ya mawe yaliyopangwa tu. Siku ya kufukuzwa, ndugu na majirani walikuja na nyundo, wakazibandua kuta moja moja, wakazipakia kwenye mkokoteni, na penye kiwanja kipya wakaziinua tena. Familia ikiongezeka, kijumba kingine kiliungwa nyuma ya kile cha kwanza, kisha jiko likafuata.

Kwa Kiingereza huitwa chattel house, yaani nyumba iliyo mali ya kuhamishika. Neno hilo linaniuma kidogo. Katika sheria za utumwa, mtumwa mwenyewe alihesabiwa kuwa mali ya mtu. Wajukuu wake wakalichukua neno lile lile wakaliita nyumba yao.

Jikoni mwa nyumba hizo akina mama wetu wasingejiona wageni. Chakula cha taifa ni cou-cou pamoja na samaki wanaoruka juu ya maji. Cou-cou ni ugali wa mahindi, tena husongwa kwa mwiko wa mti, ila kwanza bamia huchemshwa, na maji yake yenye utelezi ndiyo yanayosongea unga. Mwenye kuona bamia ni mboga ya wagonjwa na ajaribu. Jumamosi huwa ni zamu ya nyama ya nguruwe iliyotiwa ndimu na tango, ikiliwa na viazi vitamu vilivyopondwa na kukolezwa viungo. Jioni ni dhumna, na wachezaji huzigonga mezani kwa kishindo.

Lakini burudani itakayowapendeza askari ni Landship, meli ya nchi kavu. Husimuliwa kwamba ilianzishwa mwaka 1863 na baharia mmoja, Moses Wood. Wanachama huvaa sare za kibaharia, wana vyeo vyao mpaka amiri, na hupiga gwaride wakiigiza meli inayoyumba katika mawimbi, wakifuata ngoma na filimbi za kikundi wanachokiita injini. Baharini hawaendi. Mtazamaji hucheka, nao hupenda acheke. Hata hivyo nyuma ya mchezo kulikuwa na jambo la maana: wanachama walitoa senti zao kila mara, na fungu hilo likamsaidia mgonjwa na kumzika aliyekufa. Mtu asiye na ardhi, ambaye nyumba yake inaweza kung'olewa kesho, alikuwa na wenzake wa kumbeba. Sisi tunaokaa katika nyumba za serikali tungeuliza vikundi vyetu vya upatu vinamfaa nani siku ya kustaafu, barua ya mwisho ikifika.

Nchi ilipata uhuru mwaka 1966, lakini suala la viwanja lilingoja zaidi. Ni mwaka 1980 ilipotungwa sheria ya kuwapa wapangaji wa mashamba haki ya kununua kiwanja walichokalia, kwa senti 10 za huko kwa futi moja ya mraba. Waliokwisha kununua walianza kujenga kwa matofali, tena kuanzia nyuma, jikoni, wakija mbele kadiri fedha zilivyopatikana. Ndiyo maana hadi leo mpita njia huona nyumba ambayo nyuma ni ya saruji, na sebule ya mbele ingali ya mbao, juu ya mawe yake.